Sauti ya Muoki

Jirani yangu hapa Komarock, Kavutha mke wa marehemu Kimeu, huitwa na kila mtu Mama Muoki. Vijana wa siku hizi hudhani Muoki ni mtu mzima aliyehamia ng'ambo na hataki kuja kumwona mamake. Wamewahi hata kumsengenya mbele yangu. Niliwapasulia ukweli wakanywea.

Muoki alikufa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la kwanza. Wakati huo Kimeu alikuwa akichonga vinyago Kariobangi, nao wakiishi chumba kimoja nyuma ya karakana. Binti yao Mutheu alipozaliwa baadaye, watu wa kanisa wakaanza kumwita mamake Mama Mutheu, kwa kumhurumia, asitajiwe marehemu kila kukicha. Alikataa katakata. Akiitwa hivyo haitiki, hata aite pasta.

"Nisipoitwa kwa jina lake, nani atalitaja?" aliniuliza siku moja tukikata sukuma wiki. Niliendelea kukata.

Kilichomtesa zaidi ni sauti. Sura alikuwa nayo, picha moja ya studio iliyofifia. Sauti ndiyo ilimponyoka. Kwanza alisahau jinsi mtoto alivyocheka, kisha alivyolia, mwishowe hata alivyomwita. Alijilaumu kama mtu aliyemzika mara ya pili. Nilimwambia hakuna mzazi anayekumbuka mambo hayo, na nilijua ninadanganya, maana sauti ya Clare wangu naikumbuka tangu anajifunza kusema.

Lakini Muoki alikuwa ndani ya filamu. Kezia Omolo, mwanamke wa kwanza niliyemsikia hapa kwetu akitengeneza filamu zake mwenyewe, alifika Kariobangi akitafuta mtoto wa kuigiza akimwita mama anayeondoka nyumbani. Mama mwenyewe aliigizwa na bibi mmoja wa mjini, mrembo ajabu. Muoki akagoma. Alisema huyo si mamake na hawezi kumwita mama. Akapewa soda, akapewa peremende, wapi. Mwishowe Kezia alimsimamisha Kavutha kando ya kamera, mtoto amtazame yeye ndipo aite. Muoki akaita. Haukupita muda akafa, na filamu ilipoonyeshwa mjini Kavutha hakuwa na nguvu za kwenda. Kisha ikapotea, ikasemekana nakala iliyobaki iko Ulaya.

Kezia alifariki mwaka jana. Ndipo watu waliompenda wakakusanya kazi zake zote, pamoja na ile iliyopotea, wakapanga kuzionyesha wiki nzima katika ukumbi mmoja wa Buruburu. Clare alipotuletea habari, Mama Muoki alitafuta kiti akaketi.

"Mama Clare, nitamsikia," aliniambia. Hakusema atamwona.

Jumamosi mchana tukaenda. Alivaa gauni lake la kanisani na kitambaa kipya cha kichwa. Kwanza bwana mmoja wa chuo kikuu alimsifu Kezia kwa maneno marefu ambayo Kezia mwenyewe angeyakimbia. Nilikohoa makusudi, hakuelewa. Hatimaye taa zikazimwa.

Ikatokea Kariobangi ile ya zamani, mabati na moshi, wanaume wakigonga masufuria. Kisha nikamwona Muoki amesimama mlangoni, kaptura imefungwa kwa kamba kiunoni. Mama Muoki akanishika mkono mpaka nikaumia. Mtoto akafungua kinywa, ikatoka sauti nyembamba, safi, ya Kiswahili cha redioni: "Mama, usiniache."

Mama Muoki akauachilia mkono wangu.

"Si yeye," alisema, wala hakunong'ona. Watu wakageuka. Niliogopa kwamba uzee umeanza kumchezea. Lakini alishikilia hilohilo: mtoto ni wake, anayesema si wake. Sauti aliisahau, ndiyo, ila ile ya mwingine aliitambua papo hapo.

Filamu ilipokwisha nilimwendea Mirriam, dada aliyekuwa akiendesha mitambo, nusura nimrarue. Alinisikiliza, kisha akaja akachuchumaa mbele ya Mama Muoki.

"Pole sana, shosho. Ni kweli si yeye. Hiyo time walikuwa wanashuti bila sauti juu ya kelele za mafundi wa jua kali. Sauti waliweka studio baadaye, na mtoto mwingine."

Baadaye hiyo Muoki alikuwa ameshazikwa. Nilitamani kugombana na mtu, lakini ningegombana na nani? Kezia yuko kaburini, na hakumkosea yeyote. Nililia mimi. Mama Muoki hakulia. Alikuwa ameliweka tumaini lile miaka yote, na likamwishia pale, kwenye kiti cha plastiki, mkoba ukiwa mapajani.

Kisha akamwomba Mirriam airudishe sehemu ile, na azime sauti.

Muoki akasimama tena mlangoni. Safari hii hakukusikika masufuria yakigongwa wala maneno ya redioni. Watu waliokuwa wakitoka nje walisimama wakatazama, na kila mmoja wao angeapa kwamba mtoto anamwangalia yeye. Mimi nilijua anamwangalia nani. Midomo ikafunguka, akaita.

Mama Muoki akainuka. Akamwitikia kwa Kikamba, kwa sauti kubwa, kama mtu anayejibu kutoka jikoni, akamwambia yuko hapa, hajaenda popote. Kisha akainamisha kichwa, akatega sikio upande wa picha, akangoja.

Hakukusikika kitu. Mirriam akairudisha tena bila kuambiwa, na Mama Muoki akaitika tena.