Juni Niliyoifuta

Jumamosi, mtaani Nguvumali, tulimzika mama mmoja aliyekuwa muuguzi wa zahanati ya pembezoni mwa Tanga. Habari za kifo chake zilinifikia kwa ujumbe wa simu, nami kabla ya huzuni niliona haya. Nilikuwa na radhi ya kumwomba, na kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nafasi ipo.

Alikuwa Mshambaa, binti wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, mwenye mwandiko wa kusomeka hata na aliyesahau miwani yake. Kila mtoto aliyeletwa na homa alimwandikia tarehe: siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka. Mimi, kabla sijaanza kuandika magazetini, nilikuwa karani wa takwimu mjini. Kazi yangu ilikuwa kuziingiza tarehe zake kwenye jedwali la kompyuta, kuzijumlisha kwa mwezi na kuchora grafu. Mwaka mmoja aliomba aongezewe dawa za malaria kabla ya Juni. Kikaoni nikaonyesha grafu yangu ukutani. Ilikuwa tambarare kama sakafu, Januari hadi Desemba. Akasimama. “Mwanangu, hiyo siyo zahanati yangu. Kwetu masika yakiisha, Juni mabenchi hayatoshi.” Nikamjibu mbele ya wote, “Mama, kompyuta haina upendeleo. Na wagonjwa uliowaripoti ni zaidi ya mara mbili ya hawa. Wengine umewatoa wapi?” Watu wakacheka. Akaketi taratibu, akafunga daftari lake. Dawa hazikuongezwa, na yeye akaandikiwa barua ya onyo kwa kukuza idadi. Juni ikaja, dawa zikaisha, akina mama wakawabeba watoto wao hadi mjini kutafuta tiba. Kama wote walifika salama, sijui. Sikuuliza, kwa kuogopa jibu.

Mwaka uliofuata, nikiwa natazama jedwali lile lile, niliona kitu ambacho kilikuwepo siku zote: tarehe nyingine zimeegemea kulia, nyingine kushoto. Kompyuta yangu ilikuwa imewekwa kusoma mwezi kwanza. Tarehe nne Juni ya muuguzi, kompyuta iliisoma tarehe sita Aprili. Tano Juni ikawa sita Mei, na hivyo wagonjwa wa Juni wakatawanywa mwaka mzima. Na kuanzia tarehe kumi na tatu, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, iliziona kuwa maneno tu, ikaziegemeza kushoto na haikuzihesabu kabisa. Nikarekebisha, nikajumlisha upya. Juni ikapanda juu ya miezi yote, pale pale alipopasema. Nikalituma jedwali jipya bila maelezo yoyote, nikaenda kula chakula cha mchana.

Miezi kadhaa baadaye tulikutana Chumbageni, dukani. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu. Safari hii dawa zimewahi. Nasikia ni mahesabu yako, Mungu akubariki.” Nikapokea shukrani ile, wasomaji wangu. Nilitabasamu! Kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Na ile barua yangu, huwezi kuniulizia? Nakaribia kustaafu, sipendi ibaki kwenye faili.” Nikasema nitafuatilia. Sikufuatilia, kwa kuwa kuiondoa barua ile kulihitaji mtu wa kusema kosa lilikuwa la nani. Alistaafu nayo.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Baada ya mazishi nilimwita binti yake kando, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, macho makavu. “Mama alizipitia nakala za ripoti zake mara nyingi,” akasema. “Alidhani labda alikosea yeye.” Nikaomba msamaha. Akatikisa kichwa. “Mimi sikuwepo kikaoni. Ulimwaibisha mbele ya watu. Rudi mbele ya watu.”

Ndiyo maana naandika. Barua ya kuomba onyo lile lifutwe nimeipeleka jana ofisini, nikiwa nimetaja jina langu, ingawa aliyeihitaji hatalisoma jibu. Siku hizi kila ofisi ina grafu, na vijana wanazichora vizuri kuliko mimi. Nawaomba jambo moja: mchoro wako ukipingana na mtu aliyewapokea wagonjwa kwa mikono yake, kagua mchoro kwanza. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo, uliyemkosea angali hai kukusikia.