Mwosha wa Chamazi na Majina ya Ijumaa

Bi Mwanakombo binti Mfaume hakuwa na shamba la kujivunia, hakujua kusoma, na upishi wake, Mungu amsamehe, ulihitaji mlaji mwenye njaa ya kweli. Lakini tangu Mbagala mpaka Chamazi, nyumba ikifiwa na mwanamke, mjumbe wa kwanza alitumwa kwake. Alikuwa mwosha maiti. Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake mwaka ule Wajerumani walipouacha mji na Waingereza wakaingia, naye wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi na minane ambaye bado anaogopa mijusi.

Shangazi alimfundisha mambo mawili. La kwanza lilikuwa josho lenyewe, na namna ya kutia pamba na karafumaiti pale panapohitaji. La pili lilikuwa kufunga mdomo. Alimwambia kwamba alichokiona mwosha kinafukiwa pamoja na maji, yaani maji yale yanayochuruzikia kwenye ufuo, mfereji unaochimbwa chini ya kitanda na kufukiwa kazi ikiisha. Kovu, kilema, alama ya kipigo, vyote ni aibu ya marehemu, na mwosha ndiye sitara yake ya mwisho. Bi Mwanakombo alilishika fundisho hilo kwa meno. Wambea wa Chamazi walimpikia, walimsifu, walimzungusha kwa maneno matamu, wakarudi mikono mitupu.

Ila kwa Mungu hakufunga mdomo. Kila Ijumaa baada ya sala ya alfajiri alibaki juu ya mkeka akiwarehemu wanawake aliowaosha, mmoja mmoja kwa jina. Miaka ikaenda, majina yakapita mia, na uji ukawa unapoa. Aliyeupika uji huo alikuwa Mwajabu, mke mwenzake, mdogo wake kwa miaka kumi na minane, mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mume wao, mzee Salumu, alikuwa mkulima wa mihogo na mtu wa amani, maana katika nyumba ile asingepata nafasi ya kuwa mtu wa kitu kingine. Wake hao wawili walipendana kadiri wake wenza wanavyoweza kupendana: waligombana asubuhi, wakapatana adhuhuri.

Katika majina yale, kumi na moja yalikuwa ya wanawake waliokufa na donda la ziwa. Bi Mwanakombo aliwajua kwa wingi wa pamba aliyotumia. Alikuwa akifunua kanga na kukuta ziwa limeliwa, limefungwa majani na matambara, na harufu ambayo ndugu waliifukizia ubani mwezi mzima wakijifanya hawaisikii. Aliosha, akafunga, akafunika. Akiulizwa nje marehemu alikuwa na nini, alijibu kuwa siku zake zimefika. Watu waliridhika, kwa sababu jibu hilo halina ubishi.

Mwaka wa hamsini na mbili, baada ya mvua za masika, binti ami yake wa Gerezani alifariki kwa homa, ajuza wa miaka sabini. Bi Mwanakombo akapanda lori la mihogo hadi mjini. Huko alimkuta mwosha wa mtaa, Bi Pili, mwanamke mnene mwenye vicheko hata pasipofaa, wakaingia pamoja kazini. Walipomfunua yule ajuza, Bi Mwanakombo akasimama na kata ya maji mkononi. Upande wa kushoto ziwa halikuwapo. Palikuwa na kovu refu, jeupe, kavu, limetulia kama mshono wa nguo ya zamani.

Aliendelea kumimina maji. Lakini walipomaliza na kunawa mikono nyuma ya nyumba, alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka thelathini na sita: akauliza. Bi Pili akamweleza kwamba bibi yule alipapasa kijivimbe akiwa anaoga, akaenda hospitali kwa miguu, ni mwendo wa kumaliza tambuu moja, wakamkata, na hayo yalikuwa kabla Mjerumani hajashindwa vita ya pili. Akaishi, akacheza harusi ya kijukuu. Bi Mwanakombo akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, ni wangapi ambao Bi Pili amewaosha wakiwa na donda lililofumuka.

Bi Pili alifikiri. "Wawili. Labda watatu. Huko kwenu je?"

"Kumi na mmoja," alisema Bi Mwanakombo, na kwa mara ya kwanza siku ile Bi Pili hakucheka.

Njia nzima ya kurudi Chamazi, lori likirukaruka kwenye mashimo, alikuwa akilipindua jambo hilo. Maji ya Gerezani si matakatifu kuliko ya Chamazi. Wanawake ni haohao, wengine ndugu wa tumbo moja, huyu kaolewa mjini na yule kabaki shamba. Ugonjwa ulikuwa mmoja, tofauti ilikuwa siku ulipoonyeshwa. Mjini mwanamke alimwona jirani amekatwa na akapona, basi naye akathubutu. Shamba kila mmoja alidhani ni yeye peke yake Mungu amemwandikia balaa hilo, akalificha chini ya kanga mpaka likamzidi. Na kwa nini alidhani yu peke yake? Hapo Bi Mwanakombo alijisikia vibaya, kwa sababu jibu alilijua. Siri za wale kumi na mmoja, ni yeye aliyezifukia pamoja na maji.

Kesho yake asubuhi Mwajabu alikuwa akitwanga. Bi Mwanakombo alimtazama, na kile alichokuwa amekiona wiki tatu bila kukiona, akakiona. Mchi ulipanda kwa mkono wa kulia tu. Mkono wa kushoto ulibanwa ubavuni. Wiki iliyopita alimwita mvivu kwa sababu hiyohiyo, tena mbele ya wageni.

Alimwita ndani akamwomba amwonyeshe kifua. Mwajabu alicheka, kisha alipoona mwenzake hacheki, akakasirika. Akasema hana kitu. Akasema ni kijivimbe cha maziwa kilichobaki tangu mtoto wa mwisho alipoachishwa, nacho hakiumi. Aliposikia habari za hospitali na kukatwa, akainuka.

"Bi mkubwa, mie si mtoto," alisema. "Unataka nikatwe ziwa, nirudi hapa nusu mtu, mzee abaki wako peke yako. Miaka yote hii ulikuwa unaingoja siku hii?"

Maneno yalichoma, na yalichoma zaidi kwa sababu mwanamke yeyote wa pale angeyasema. Mke mkubwa anapomshauri mke mdogo jambo la mwili wake, nani ataamini kuwa ni kheri? Siku nne hawakusemezana. Uji ulipikwa kimya ukanywewa kimya, na mzee Salumu akagundua kuwa shamba la mbali lina magugu mengi sana.

Lilikuwapo neno moja ambalo lingemgeuza Mwajabu, na Bi Mwanakombo alikuwa nalo miaka kumi na minne. Katika wale kumi na mmoja alikuwamo Bi Mwamvita wa Mbagala, mama yake Mwajabu. Mwajabu wakati huo alikuwa Rufiji kwa mume wake wa kwanza, akafika msiba umeshaanuliwa, akaambiwa mama alishikwa na homa siku tatu. Aliyejua zaidi ni mwosha. Baadaye Mwajabu akaachika, akaolewa Chamazi, wakalala nyumba moja na wakala sahani moja, na mwosha hakusema.

Kulisema kulikuwa ni kuvunja kile alichoapa mbele ya shangazi yake. Kutolisema kulikuwa ni kumngoja Mwajabu kwenye ufuo. Akajitanda kanga akaenda kwa Mwalimu Kondo, aliyesomesha watoto Kurani pale jirani, akamweleza bila kutaja majina. Mwalimu alikuwa mtu wa maneno machache, sifa ambayo wanawe hawakuirithi. Alimuuliza swali moja tu: "Maiti huyo angepewa ulimi leo, angemficha mwanawe?"

Alirudi nyumbani akamkuta Mwajabu uani anachambua mchicha. Akakaa chini, si kwenye kigoda, chini kabisa kwenye mchanga kama mtu aliyekuja kuomba. Akamwambia kwamba yeye ndiye aliyemwosha mama yake. Akamwambia alichokikuta upande wa kulia, ukubwa wake, na majani yaliyokuwa yamefungwa hapo. Alimwambia pia kuwa mama yake alikuwa amejifunga mwenyewe, kwa fundo la upande mmoja, fundo la mtu asiye na wa kumsaidia. Machozi yalimtoka alipofika hapo, na hakuyafuta.

"Nilimsitiri mama yako mpaka nikakaribia kukuua wewe," alisema. "Nisamehe, mdogo wangu. Mimi ziwa lako silitaki. Nakutaka wewe unigombeze kila siku."

Mwajabu aliliweka chini shina la mchicha. Halafu akasogeza kanga, akaushika mkono wa mke mwenzake akauweka mahali penyewe. Kijivimbe kilikuwa kigumu, mfano wa kokwa ya kunazi. Mkono uliogusa wafu zaidi ya mia ukakipapasa pande zote, kisha ukairudisha kanga mahali pake.

Zahanati iliyokuwa karibu ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima, na msaidizi wa mganga pale, Gozbert, alikuwa Mhaya kijana aliyevaa soksi ndefu hata kwenye joto. Alimpima Mwajabu kwa heshima, Bi Mwanakombo akiwa amesimama kati yao kama askari wa zamu. Alipomaliza alikaa chini akashusha pumzi, akasema anamshukuru Mungu. Akawaeleza kwamba wanawake wa upande huu wote waliofika mbele yake walimletea madonda, na wa mjini ndio hupeleka vijivimbe hospitali. Huyu ni wa kwanza kutoka shamba kuleta kijivimbe. Akaandika barua, akaisoma kwa sauti, akaikunja kwa uangalifu kama hati ya ndoa.

Mzee Salumu naye, aliyedhaniwa atakataa, aliuliza jambo moja tu, kama Mwajabu atarudi. Akaambiwa Mungu akipenda. Akaenda mwenyewe kumwomba nafasi mwenye lori, akamketisha mkewe mbele karibu na dereva, yeye akapanda juu ya mihogo.

Mwajabu alilala hospitali wiki tatu. Katika siku hizo Bi Mwanakombo alipika mwenyewe, na watoto wa nyumba ile walimwombea mama yao kwa moyo mmoja. Ijumaa ya pili, kabla habari yoyote haijafika, alikaa kwenye mkeka akataja majina yake. Alipofika la mwisho, ulimi haukutulia. Ulitaka kuendelea, ulizoea kuongeza. Akaubana kwa meno, akafunika uso kwa mtandio, akamwambia Mungu kuwa jina la mke mwenzake hatalisema, na kama ni lazima lisemwe basi amtafute mtu mwingine wa kulisema.

Mwajabu alirudi amekonda, mkono umefungwa, na barua ya daktari iliyosema ugonjwa umewahiwa. Ijumaa iliyofuata Bi Mwanakombo alikuwa bado kwenye mkeka uliposikika ulimi kutoka jikoni.

"Bi mkubwa, kwenye hao wako, mie nimo?"

"Wewe humo."

"Alhamdulillahi. Basi fanya haraka, uji unapoa."

Kuanzia hapo Bi Mwanakombo aliongeza jambo katika kazi yake. Kila msiba, baada ya josho, alitoka kwa wanawake waliokaa kwenye majamvi, akawaambia wakienda kuoga leo wajipapase maziwa kwa povu la sabuni, na atakayeona kitu amfuate, naye atakwenda naye kwa miguu yake. Alisema hivyo kwa aliyekufa kwa uzazi, kwa aliyeumwa na nyoka, kwa bibi kizee aliyelala asiamke. Alisema kila mara makusudi, ili asijulikane yupi alikuwa na donda na yupi hakuwa nalo, na sitara ya shangazi ikabaki palepale. Mwanzoni waliguna. Wengine walisema mwosha anatafuta wateja. Lakini Mwajabu alikuwa amekaa katikati yao anatafuna tambuu, na aliyetaka kuona kovu alionyeshwa, tena kabla hajamaliza kuomba.

Si wote waliosikia. Baadaye aliosha wengine wawili wenye donda, naye akamlilia kila mmoja wao. Lakini sita walikuja kwake wakiwa hai, wakiwa na vijivimbe chini ya kanga, akaenda nao kwa Gozbert. Kwa wanne vilikuwa si kitu. Wawili walikatwa, na mmoja wao mpaka leo anauza vitumbua Mbagala na hadanganyiki kwenye chenji.

Mwaka wa hamsini na nane macho ya Bi Mwanakombo yalianza ukungu, na Mwajabu akaomba kufundishwa josho. Alilijua zaidi ya ilivyodhaniwa. Hata majina ya Ijumaa alikuwa ameyashika yote kwa kuyasikia jikoni miaka na miaka, na bi mkubwa akisahau moja, lilitamkwa kutoka upande wa mafiga. Jina la Mwamvita likikaribia, Mwajabu aliacha mwiko, akaja kukaa mkekani, wakalisema pamoja.

Ijumaa moja walipomaliza, Mwajabu akauliza, kama kawaida, iwapo yumo, akajibiwa kuwa hayumo. Bi Mwanakombo akasema mwosha naye huoshwa, na yeye sasa ni mtu mzima. Akauliza siku ikifika, jina lake litawekwa wapi katika orodha ndefu namna hiyo, maana mwishoni watu huwa wamechoka.

"Mwanzo," alisema Mwajabu. "Kabla ya mama yangu. Yeye alinizaa mara moja, akapumzika. Wewe umenizaa nikiwa na miaka thelathini na sita, na meno yangu yote, na ulimi huu."

Bi Mwanakombo, ambaye hakuzoea kushindwa kwa maneno na mke mwenzake, akamsogelea. Wakabaki wamekaa mkekani bega kwa bega, na uji ukapoa kabisa.