Pigo la Upondo Chini ya Yanonge

Mzungu yule alikuja Kisangani na mashua yake nyeupe, yenye kitanda na jiko ndani. Alitaka kutembea mtoni mpaka Isangi, akilala katika bandari ndogo za njiani. Akanichukua mimi kumwongoza kwa sababu nilizaliwa penye maporomoko, na michanga ya chini ya maji naijua.

Jambo moja nilimwambia mapema. "Patron, ukifika bandari ya watu, zima moteri mbali, salimia, uliza utafunga wapi." Kwenye bandari ya Yanonge alifanya hivyo, tukapokewa vizuri.

Bandari iliyofuata tuliikuta siku ya soko. Mitumbwi ilijaa kando hadi maji hayaonekani. Nikamwambia azime. Alikuwa amechoka na jua, akanijibu, "Watatupisha," akaingia na moteri.

Kamba ya mtumbwi mmoja ikanaswa kwenye panga za moteri. Mtumbwi ukavutwa, ukapinduka. Mama aliyekuwa ndani akaanguka pamoja na samaki wake wa kukausha. Alipoibuka, paja lake lilikuwa limepasuka na maji yalikuwa mekundu.

Mume wake alirukia mashua yetu akiwa na kasia. Alimpiga mzungu mdomoni, meno yakamwagika sakafuni. Aliinua kasia mara ya pili, na mzungu alikuwa amekwisha kupiga magoti.

Mimi nilishika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua. Ningeweza kumzuia mkono, ningeweza kumsukuma tu. Nilimpiga juu ya sikio kwa nguvu zangu zote. Pigo lililia kama mti mkavu. Akaanguka majini, kati ya mashua na mitumbwi.

Watu wakanijia. Walinipiga kwa makasia, kwa ngumi, kwa visigino. Nilisikia mfupa wa mkono wangu wa kushoto ukivunjika, na mtu mmoja akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shikilia kichwa yake." Nilijua ninakufa.

Ni yule mama aliyeniokoa, ingawa hakunifikiria mimi. "Bwana yangu iko chini," alisema. "Hajapanda."

Wakaniacha wote, wakaruka. Nami nikaruka, kwa mkono mmoja. Tulimtoa chini ya mashua. Tulimlaza juu ya matope, tukamkandamiza kifua mpaka akatapika maji na damu.

Mzungu alirudi Kisangani taya yake ikiwa imefungwa kwa kitambaa. Hakuuliza kama yule mtu alipona.

Mkono wangu ulipounga nilishuka tena kule. Nilimkuta yule mume akishona wavu mbele ya nyumba. Mke wake, mwenye kovu refu pajani, alinitambua kwanza, akaingia ndani bila kunisalimia.

"Papa, ni mimi nilikupiga."

Hakugeuka. Nikarudia.

"Sikio hii haisikie tena," alisema mwishowe. "Ulikuja kufanya nini?"

"Kuomba pole. Uliinua kasia juu ya mutu alishaanguka, donc nikapiga. Lakini nilipiga ya kuua."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Mimi pia nilitaka kumuua," alisema. "Bon, zunguka. Kaa upande ule mwingine, nisikie vile unasema."