Nyasi Niliyoipalilia Ruiru

Mpaka leo naona haya kusimulia. Miaka ya tisini, Mama Wairimu, mjane wa Ruiru mwenye ng'ombe watatu, aliniajiri nimpandie nyasi ya Rhodes, ile ukipanda mara moja unakata miaka na miaka. Nilimwambia nimesomea kilimo. Ukweli ni kwamba nilisoma muhula mmoja tu, huko Thika.

Mbegu zilipoota niliona nyasi za aina mbili: moja nyembamba imesimama, nyingine inatambaa, kijani kibichi. Nikaamua inayotambaa ndiyo yenyewe. Ile nyembamba niliing'oa yote. Iliyobaki nikaitia samadi na kuimwagilia miezi mitatu, huku nikijisifu, hadi Mama Wairimu akaalika akina mama wa chama chake waje kujifunza kwangu.

Nikiwa katikati ya kufundisha, shosho mmoja, bibi mkongwe kuliko wote, aliinama, akavuta mzizi mweupe mrefu kama kamba.

“Ngai! Kijana, hii si ni thangari? Ile magugu inatumalizia mahindi?”

Mama Wairimu akaniuliza polepole, “Na ile ulinituma nikatupe, makarai manne, ilikuwa nini?”

Nilishindwa kumwangalia.

“Rhodes, mama.”