Kondoo wa Mkwe na Kikombe cha Pili

Jamani, hili nalisema mwenyewe kabla mchumba wangu Naserian hajawasimulia, maana yeye akisimulia anaigiza mpaka sauti ya kondoo, na aibu niliyoipata inatosha bila kuongezewa chumvi.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu, na tumbo langu lilikuwa linaishi maisha ya udereva: asubuhi halipewi kitu, mchana soda na andazi nikiwa kwenye usukani, usiku kitimoto (nyama ya nguruwe) na ndizi, bia za kushushia, halafu moja kwa moja kitandani. Kiungulia kikinibana nakunywa chai ya tumbo ya Mama Paulo wa sokoni (tangawizi, majani machungu na magome anayoyajua mwenyewe), basi najiona mtu anayejali afya, na kesho yake narudi kwenye kitimoto na dhamiri safi. Mama Paulo alinionya, "Kikombe kimoja, jioni, ukiwa nyumbani. Umenisikia? Nyumbani."

Siku yenyewe nilikuwa nampeleka kondoo dume kwa baba yake Naserian, kule Endulen. Mimi ni Mwiraqw, wao ni Wamasai, na kwao mkishapeana kondoo mbele ya wazee, wewe na mkweo mnaacha kuitana majina, mnaitana Paker, na hapo ndipo unajua umekubaliwa. Mpaka siku hiyo mzee alikuwa ananiita "dereva".

Sasa marafiki walikuwa wamenipongeza kwa kitimoto, nikaamka tumbo limejaa kama ngoma, nikawaza kule nitapewa nyama ya mafuta, nikikataa nimewatukana. Nikanywa kikombe. Kimya. Nikaona labda magome yamechuja, nikanywa cha pili, nikaenda kumchukua mzee, ambaye alikuwa amelala kwa dada yake hapa hapa mjini. Akakaa mbele na fimbo yake, kondoo kafungwa nyuma.

Tumeshapita geti la hifadhi, tunapanda msituni, ukungu mzito, nyati wamesimama kando ya barabara, ndipo chai ikaamka. (Mtasema si ungemwambia mzee? Ndugu zangu, mbele ya mkwe hata kupenga kamasi unajiuliza mara mbili.) Nikabana. Jasho likanitoka mpaka kwenye usukani.

"Dereva, we unaumwa?"

"Hapana mzee, ni joto."

Joto! Na yeye kajifunga shuka mbili. Nikaongeza mwendo, kila shimo nalisikia tumboni, mzee kashika mlango kwa nguvu, akasema polepole, "Binti yangu nampa mtu mzima, simpi mtu wa haraka." Nilitamani kulia.

Tulipotokea kwenye uwanda sikuweza tena. Nikasimamisha gari, nikasema, "Mzee, pancha!" Na ili pancha ifanane na pancha nikafungua mlango wa nyuma kama natafuta jeki, nikanyakua karatasi, nikakimbilia kichaka. Mlango nikauacha wazi. Kamba nilikuwa nimeifunga ovyo, mnajua kilichofuata.

Nimechuchumaa pale naona kondoo anakata mbuga, huyoo, anaelekea bondeni kwenye fisi, na jina langu la Paker linakwenda naye, na mimi siwezi kuinuka. Mzee wa watu akashuka, shuka inapepea, anakimbiza zawadi yake mwenyewe. Kama hiyo haitoshi, wakatokea akina mama wawili na punda wa maji, wakanikuta uso kwa uso, na kwa adabu zao wakasalimia, "Supai!"

Ningefanya nini? "Epa," nikaitikia, nimechuchumaa hivyo hivyo. Wakafika mbali kidogo ndipo wakaangua kicheko.

Niliporudi, mzee alikuwa amemkamata kondoo kwa pembe, anahema, anagonga matairi kwa fimbo, moja baada ya jingine. Yote yamejaa upepo.

"Pancha iko wapi?"

"Mzee, hakuna pancha. Nilikunywa chai ya tumbo. Vikombe viwili."

Mzee akapanda nyuma, akakaa na kondoo. Mimi nilijua nimemkosa Naserian.

Bomani habari zilishafika (punda hawana simu, akina mama wanazo). Wazee wameketi, hakuna anayecheka, Naserian kajifunika uso. Nikamvuta kondoo mpaka kwa mzee, nikamkabidhi kamba.

Mzee akamtazama kondoo, akanitazama mimi. "Wazee, kondoo huyu alikimbia. Nimemkimbiza mwenyewe, nimemkamata mwenyewe. Sijui leo nani amempa nani." Akakita fimbo chini. "Lakini dereva huyu ametufikisha wote. Paker, kaa chini."

Nililia, sioni haya kusema. Msichana mmoja akaniletea kikombe, mzee akamzuia kwa fimbo. "Huyu mpe maji ya moto. Chai ameshakunywa." Boma zima likalipuka.

Nimejifunza kwamba chai haifuti kitimoto. Siku hizi asubuhi nakunywa uji, usiku nakula mapema, na chai ya Mama Paulo ni kikombe kimoja, jioni, nyumbani, cha pili nimeapa sikigusi. Lakini mkwe wangu mpaka leo hapandi gari langu kabla hajasimama dirishani akaniuliza, "Paker, umekunywa nini?"