Meno Meupe, Chai ya Rangi

Daktari wa meno pale mjini Mwanza alinipanua midomo kwa plastiki, akanipaka dawa ya kung'arisha, kisha akaniwashia taa ya buluu kana kwamba nahojiwa polisi. Jumamosi ilikuwa sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya ndoa, na nilikuwa nimechoka kupiga picha mdomo umefumbwa. Aliponipa kioo nilikaribia kulia kwa furaha.

"Siku mbili usiguse chai wala chochote chenye rangi," alisema. "Ukigusa, usirudi kunilaumu."

Kesho yake nikaenda Magu kumchukua bibi mzaa mama, aliyenilea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu." Akanisogelea, akanikodolea mdomo. "Umetafuna chokaa?"

Tukacheka. Kisha nikaona macho yake yalivyozidi kuwa mekundu. Miaka yote anapikia kuni za vijiti vya mipamba katika jiko lisilo na dirisha. Moshi ungemfanya nini kingine? Lakini kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu hatafutiwi ushahidi mwingine wa uchawi. Tangu mtoto wa jirani afariki, watu waliacha kula kwa bibi. Habari hizo zilinifikia mjini, nikaziita upuuzi. Ukiwa mjini ni rahisi kuziita hivyo.

Akaleta chai ya rangi, nyeusi tii, imekolea tangawizi, akaniwekea kwenye stuli mlangoni.

"Bibi, nimeng'arishwa meno jana. Daktari kanikataza chai."

Hakubisha. Alikipapasa kile kikombe, akakisogeza kando.

"Sawa. Siku hizi kila mtu ana sababu. Huyu ana vidonda vya tumbo, yule amefunga."

Nilijisikia vibaya mno, na hasira zikanipanda, sijui za nani. Nilichukua kikombe nikanywa. Chai ya moto ikanichoma meno hadi kwenye mizizi, machozi yakanilengalenga, nikasema ni tamu. Nilidhani atafurahi. Badala yake aligeuza uso upande wa njia, majirani wanakopita na ndoo.

"Kuna mtu amekuona ukinywa?"

"Kuna mama kapita sasa hivi, anakwenda kisimani. Hakugeuka."

Akainua birika, akajaza kikombe tena.

"Basi usitoke hapo mlangoni. Atarudi na maji, akukute unakunywa."

Nikakaa. Nilikunywa taratibu ili isiishe, ulimi ukipitapita juu ya meno yaliyokuwa yananiuma. Picha za sendofu nilizisahau kabisa. Nilichotaka ni yule mama arudi, aone mtu mzima na akili zake anakula kwa bibi yangu na hafi.

Alirudi, ndoo kichwani. Nikakiinua kikombe juu, nikamchekea kwa meno yangu yote. Alitutazama, akahamia upande wa pili wa njia, akakaza mwendo.

"Amekuona?" bibi aliuliza, maana macho yake hayafiki tena njiani.

"Ameniona, bibi," nilisema.