Kindi Aliyepandishwa Cheo

Mume wangu ni mtunza kitalu cha miti ya asili, na ubaya wake ni mmoja tu: hajui kudanganya. Miaka ishirini na sita anaotesha mikungu, miti ya kokwa zinazogombewa na wanyama, na mbao zake maseremala wanazililia. Watoto watano tumewalelea kwenye nyumba ya kitalu: vyumba viwili, na miche mpaka uvunguni mwa kitanda.

Sasa mwaka huu ofisi ya misitu ikaleta fomu inayouliza jina la mpandaji. Kule bondeni kuna mikungu mia tatu ambayo hakuipanda yeye. Kindi huiba kokwa kitaluni, huzifukia, husahau, zikaota. Mwanamume mwingine angeandika jina lake akaendelea na chai. Wangu akaandika: Kindi.

"Baba watoto," nikamwambia, "ulimi uliponza kichwa. Wewe unataka kalamu ndiyo ikuponze?"

"Niandike nani, na sikupanda mimi?"

Mwezi haukuisha, barua ikaja. Ndugu Kindi, kwa bidii yake, amepandishwa cheo kuwa msimamizi wa kitalu. Mtunza kitalu wa sasa akabidhi funguo na kuhama nyumba ndani ya siku saba. Tuhamie wapi na uzee huu?

Siku ya saba mkaguzi akaja na daftari la makabidhiano. Mume wangu akamwonyesha Kindi, yuko tawini anaguguna kokwa. Mkaguzi akamtazama sana, akauliza kama anajua kusoma.

"Hajui."

"Basi atie dole gumba."

Uvumilivu ukanishinda. "Mwanangu, huyo ni mnyama."

"Namwona, mama. Lakini mkubwa ameshasaini, siwezi kurudi bila Kindi." Akashusha sauti. "Mzee, kwani ofisini kuna anayekujua kwa sura?"

Hakuna. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuja kumwona.

Nikamkanyaga mume wangu mguu. Akaitazama nyumba, akanitazama mimi, kisha akatia dole gumba penye jina la Kindi. Penye jina lake mwenyewe mkaguzi akaandika: hajulikani alipo.

Nyumba tumebaki nayo. Barua za Ndugu Kindi zinakuja, na mume wangu anazijibu vizuri tu. Ila juzi nilimwita kwa jina alilopewa na mama yake, na hakuitika mpaka mara ya tatu.